Bi mkubwa anaenda Ujerumani kumuona mjukuu, bima ya safari ipi inafaa?

Rangi Tatu

Habari za asubuhi wakuu, naenda moja kwa moja kwenye mada. Dada yangu yuko Hannover, amejifungua juzijuzi, sasa bi mkubwa anatakiwa aende akamsaidie, mpango akae siku 80 arudi. Miadi ya viza imekaribia, barua ya mwaliko ipo, tiketi imeshikiliwa, kilichobaki ni bima na hapo ndo nimekwama maana nimepewa kwotesheni mbili na zote zina maandishi madogo balaa. Bi mkubwa ana miaka 68, ana presha na sukari, vidonge kila siku, ila yupo fiti, sokoni anaenda mwenyewe na ndoo anabeba.

Ya kwanza: matibabu euro 30,000, nchi za Schengen tu (zile za Ulaya zinazotumia viza moja), eksesi (kiasi unachotoa mwenyewe kabla bima haijalipa) euro 100, magonjwa ya awali (aliyokuwa nayo kabla ya kukata bima) hayamo.

Ya pili bei karibu mara mbili: matibabu euro 100,000, dunia nzima kasoro Marekani na Kanada, eksesi hakuna, magonjwa ya awali "yakizidi ghafla" mpaka euro 10,000, mizigo imo.

Ajenti anasema zote ubalozi unazipokea nisijisumbue. Nawasikiliza.

Kijiko cha Chai

Chukua hiyo ya kwanza mkuu, pesa inayobaki mnunulie bi mkubwa koti la baridi. Hizi bima ni za kuombea viza tu. Mi naenda Ulaya kikazi miaka na miaka sijawahi hata kufungua bahasha yake.

Dalali Mstaafu

Mleta mada, huyo hapo juu anaongelea viza, we unaongelea mama. Ni vitu viwili.

Nilikaa kaunta ya madalali wa bima pale Samora kabla sijahamia kwenye kilimo, kwa hiyo nakupa kama nilivyokuwa nawapa wateja waliokuwa na muda wa kusikiliza, maana wengi walikuwa wanataka karatasi tu wawahi foleni.

Anachotaka ubalozi kiko kwenye kanuni za viza za Schengen za 2009, kifungu cha 15. Kiwango kisipungue euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen ambazo saa hizi ziko 29 na sio Ujerumani peke yake, ifunike muda wote atakaokaa, na ilipie matibabu ya dharura, kulazwa hospitali kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Basi. Hakuna mahali wanauliza eksesi ni kiasi gani wala kama presha imo. Ndo maana ajenti anakwambia zote zinapita, na hajakudanganya, zinapita kweli. Ila afisa wa viza akishabandika stika kazi yake imeisha, anayeisoma hiyo karatasi mara ya pili ni mhasibu wa hospitali.

Sasa ingia kwenye hayo maandishi madogo. Mtu wa miaka 68 mwenye presha na sukari, akiumwa kule, kuna uwezekano gani kwamba atakachoumwa hakina uhusiano na presha wala sukari? Kiharusi, moyo, figo, kidonda cha mguu kinachogoma kupona, vyote hivyo mtathmini wa madai atavirudisha kwenye presha au sukari. Kwa hiyo ile ya kwanza kwa bi mkubwa wako inalipia akiteleza kwenye barafu au akila kitu kibaya. Sio kwamba ni bima feki, kwa kijana wa miaka 27 anayeenda semina ya siku tano inatosha kabisa, hata mi ningemuuzia.

Ya pili ina hiyo "yakizidi ghafla". Maana yake wanalipa hali ikibadilika kwa kushtukiza na inahitaji daktari papo hapo. Hawalipi kliniki ya kawaida, hawalipi vidonge alivyosahau nyumbani, hawalipi tatizo ambalo daktari wa hapa alishamwambia asisafiri nalo. Na angalia hiyo euro 10,000, ndo dari ya upande huo, ile 100,000 iliyoandikwa kwa herufi nene haihusiki hapo. Kulazwa ICU siku kadhaa Ulaya kunaimaliza. Kwa hiyo omba kwotesheni ya tatu na uliza swali moja tu, magonjwa ya awali yakizidi ghafla mnalipa mpaka ngapi. Kampuni zinapishana sana hapo kuliko kwenye kitu kingine chochote.

Rangi Tatu

Aisee mkuu nimekuelewa. Ila sasa kuna kitu, ajenti ameniambia kwenye fomu pale penye kuuliza magonjwa niache wazi au niandike hana, eti nikiandika presha bei inapanda na wanaweza kumkataa kwa umri.

Dalali Mstaafu

Huyo ajenti anataka kamisheni yake leo, kesho hayupo. Fikiria itakavyokuwa. Mama anaanguka jikoni kwa dada yako, ambulensi inakuja, swali la kwanza la daktari wa dharura ni anatumia dawa gani. Dada yako atasema, na lazima aseme, tena ataonyesha na pakiti. Linaandikwa kwenye faili. Kampuni ya bima kabla haijalipa inaomba hilo faili na inaweza kuomba na la kliniki yake ya Temeke. Likikuta fomu imeandikwa hana ugonjwa, mkataba unavunjika kwa kuficha taarifa muhimu, na hapo hata kama angekuwa amevunjika mkono tu wana sababu ya kugoma. Bima inasimama kwenye kuaminiana, mteja anatakiwa aseme anachokijua bila kusubiri kubanwa.

Wakikataa kwa umri, sawa, nenda kwingine. Zipo zinazokomea miaka 65, zipo 75, zipo zinazopokea zaidi ya hapo kwa kuongeza bei. Bora ukataliwe kaunta ukiwa Dar.

Shemeji wa Hannover Linden

Nipo hukuhuku Ujerumani naongezea jambo ambalo watu wengi wa nyumbani hawalijui. Kama shemeji yako ndo amemualika mama kwa ile hati ya udhamini ya kijerumani, Verpflichtungserklärung, jina refu kama treni la mizigo, basi kwa miaka 5 hela yoyote ya umma itakayotumika kwa mgeni wake, malazi, chakula, matibabu, anaweza kudaiwa yeye airudishe. Amesaini pale ofisi ya wageni wakamkagua na mshahara. Kwa hiyo ile bima ya bei chee inayookoa hela Dar ndo hiyohiyo inamuweka shemeji yako roho juu huku. Mpigie muulize anaionaje, we unaona euro 50 au 60 za tofauti, yeye anaona mshahara wake.

Na lingine, si lazima bima ikatwe Tanzania. Mwenyeji anaruhusiwa kumkatia mgeni, huku zipo bima za wageni wanaokuja kutembea, unajaza mtandaoni jina na pasipoti, cheti kinakuja kwa imeili unakichapa. Mama yangu mimi huwa namkatia hizo. Faida ni kwamba kampuni iko hapahapa, hospitali wanaijua, likitokea tatizo natuma barua kwa kijerumani au naenda mwenyewe. Hasara ni kwamba nyingi nazo zina kipengele kilekile cha magonjwa ya awali kwa hiyo usome vilevile.

Kijiko cha Chai

Mnamtisha mwenzenu bure. Watu wanasafiri kila siku.

Mama Wawili Sinza

@Kijiko cha Chai kaka wewe unasafiri na presha? Una miaka 68? Tuache utani. Mi baba yangu mdogo alienda Uholanzi kwa mwanae, nimonia ikamkamata, alikuwa na bima nzuri tu lakini walimpeleka hospitali wakalipa wenyewe kwanza halafu ndo wakakumbuka kupiga ile namba ya dharura ya bima. Kampuni ikaanza tulipaswa kujulishwa kabla, mara leteni risiti halisi, mara tafsiri, mara ripoti ya daktari yenye muhuri. Walilipwa lakini kwa mbinde, na kuna kiasi kilikatwa.

Mleta mada ile namba ya saa 24 ya kampuni ya msaada, isave kwenye simu ya dada yako, ya shemeji, na uiandike kwenye karatasi ndani ya pasipoti ya mama. Jaribu kuipiga kabla ya kulipa, tena usiku. Mi nilipiga ya kampuni moja ikaita mpaka ikakata, nikahama.

Dalali Mstaafu

Dada umegusa penyewe. Hospitali ya kigeni haiijui kampuni ya Dar, inachotaka ni barua ya dhamana ya malipo, na barua hiyo inatolewa na kampuni ya msaada ambayo bima za kwetu nyingi zinaikodi nje. Ukiwapigia mapema wanaongea na hospitali moja kwa moja, we huingizi mkono mfukoni. Usipowapigia unakuwa mtu wa kulipa na kudai. Dharura ya kufa na kupona mtu apelekwe kwanza, simu ifuate, lakini ifuate siku hiyohiyo. Kwenye kwotesheni ya kwanza hiyo kampuni ya msaada imetajwa jina? Kama haijatajwa uliza.

Halafu hakikisha kampuni yenyewe ina leseni ya TIRA (mamlaka inayosimamia bima nchini) na ajenti pia ana leseni yake, na hela ilipwe kwenye akaunti ya kampuni, usimtumie ajenti kwenye namba yake ya simu. Hapo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mpemba Mstaarabu

Yakhe mie nachekesha kidogo, tunahangaika na bima ya kwenda kwao, wao wakija kwetu Unguja toka Oktoba 2024 wanalipa dola 44 kwa Shirika la Bima la Zanzibar, lazima, hata kama mtu ana bima yake toka kwao, na inamfunika siku 92. Siku ya kwanza walilalama mitandaoni, sasa wameshazoea.

Kwa wanaokwenda umra msihangaike sana, viza ya Saudia inakuja na bima ndani ya ada yake. Lakini hiyo ni ya ndani ya Saudia. Ukipitia Dubai ukakaa siku tatu kutembea, huna kitu. Watu wetu wengi hawaliangalii hilo.

Kapteni Kurasini

Hapo kwenye kupitia ndo nilitaka kusema. Bima ya "Schengen tu" inaanza na kuishia mipaka ya Schengen. Ndege ya bi mkubwa inapitia wapi? Kama ni Istanbul au Doha na safari ikasogezwa akalala hapo, Uturuki na Qatar sio Schengen. Uingereza sio Schengen, Ireland sio Schengen. Kuna jamaa alikuwa Paris akaamua kuvuka London wikiendi kumuona binamu, viza ya Uingereza alikuwa nayo, bima hana, akaumwa kidole tumbo.

Uingereza watu wanadanganyana eti NHS, yaani huduma ya afya ya serikali yao, ni bure. Kuonwa pale mapokezi ya dharura ni bure kweli, ila ukishalazwa, mgeni wa kutembea anatozwa asilimia 150 ya bei yao ya kawaida, na deni likifika pauni 500 likakaa miezi miwili bila mpango wa kulipa, linapelekwa Home Office (wizara yao ya mambo ya ndani), viza ijayo utaulizwa. Na viza ya kutembea Uingereza haikulazimishi kukata bima ndo maana watu wanaenda mikono mitupu.

Rangi Tatu

Anapitia Istanbul, masaa manne tu. Ila nimeelewa, naelekea ile ya pili au ya tatu. Vipi kuhusu mizigo? Ajenti alisifia sana hapo.

Kapteni Kurasini

Mizigo isikuhamishe mawazo, ndo kitu wanachokipamba kwa sababu kinawagharimu kidogo. Begi likipotea shirika la ndege lenyewe linawajibika kwa mkataba wa Montreal wa 1999, dari yake toka mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha IMF) kwa abiria, kama dola elfu mbili na kidogo hivi. Sio kwamba unapewa zote, unathibitisha hasara. Muhimu usitoke uwanja wa ndege kabla hujaandikisha pale kaunta ya mizigo ukapewa ile karatasi ya PIR (ripoti ya mzigo uliopotea au kuharibika). Begi likiharibika malalamiko ya maandishi ndani ya siku 7, likichelewa siku 21 kuanzia siku ulipokabidhiwa. Bima ya mizigo nayo itakuomba karatasi hiyohiyo. Na dawa za mama zikae begi la mkononi, na cheti cha daktari chenye majina ya kitaalamu ya dawa, sio majina ya pakiti, maana duka la dawa la kule jina la pakiti ya kwetu halitawaambia kitu.

Mnyalu wa Minnesota

Uzi mzuri. Natoka nje ya Ujerumani kidogo kwa wale wanaoleta wazazi Marekani maana huku ndo moto wenyewe. Viza ya B1/B2, ile ya kutembea na biashara, haidai bima, sawa. Sheria ya 1986 inalazimisha hospitali yenye kitengo cha dharura impokee na kumtuliza mgonjwa hata kama hana senti, watu wakisikia hivyo wanasema basi bure. Sio bure. Bili inakuja nyumbani, na inakuja vipande vipande, ya hospitali mbali, ya daktari mbali, ya ambulensi mbali, ya maabara mbali.

Sasa mtego wetu huku. Kuna bima za wageni za aina mbili. Moja inalipa kwa jedwali, yaani imepangwa kulazwa siku moja tunatoa kiasi hiki, X-ray kiasi hiki, kumuona daktari kiasi hiki, hata bili ikiwa mara kumi ya hapo. Nyingine inalipa asilimia ya bili yenyewe mpaka dari. Ya jedwali ni rahisi sana na tangazo lake litakwambia dola 50,000 au 100,000 kwa herufi kubwa, ila kwa jedwali lile huwezi kuifikia hiyo 100,000 hata ukilazwa mwaka. Ukiona neno "kiwango maalumu kwa kila huduma" rudi nyuma. Na wazee wakivuka miaka 70 kampuni nyingi zinashusha dari kimyakimya, usisome ile namba ya ukurasa wa mbele, tafuta mstari wa umri wa mzazi wako.

Na msiruke kipengele cha kusafirisha mwili. Najua kwetu kuongelea kifo cha mzazi kabla hajapanda ndege ni uchuro, bi mkubwa akisikia unaulizia hicho kipengele atakuuliza unanitakia nini mwanangu. Muulize ajenti pembeni. Huku kila mara kuna grupu la WhatsApp linafunguliwa la michango ya kumrudisha mtu nyumbani, mwili unakaa mochwari wiki tatu watu wanasubiri hela itimie, mwenyekiti anatuma orodha ya waliotoa saa sita usiku. Wakati mtu angekuwa na bima yenye kipengele hicho jeneza, vibali, ndege, vyote wanapanga wao.

Mama Wawili Sinza

Hilo la grupu la WhatsApp umenichoma 😢 ni kweli kabisa.

Lori la Tunduma

Samahanini naingilia, mi naenda Lusaka kwa gari yangu ndogo, huko nako nahitaji hii bima ya safari au ile kadi ya njano inatosha?

Dalali Mstaafu

Kadi ya njano ya COMESA ni ya gari mkuu. Inalipia utakaowagonga na matibabu ya ajali ya barabarani. Ukishikwa na malaria au ukaibiwa gesti haikuhusu. Kama unakaa wiki chukua na ya safari, kwa Afrika bei yake ni ndogo. Na ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano nayo usiisahau, mpakani zote mbili unaweza kuulizwa na utachanganyikiwa wanataka ipi.

Nirudi kwa mleta mada. Kabla hujalipa kagua cheti, sio kwotesheni, cheti. Jina herufi kwa herufi kama pasipoti, kama pasipoti ina majina matatu cheti kiwe na matatu. Namba ya pasipoti. Tarehe ianze siku anayoondoka Dar, na mwisho ongeza siku kadhaa ndege ikisogezwa. Iandikwe wazi nchi za Schengen na kiwango kiwe kwa euro. Na uliza wakinyima viza hela inarudi vipi, wengi wanarudisha ukileta barua ya kukataliwa kabla tarehe ya kuanza haijafika, wanakata gharama kidogo, ila wapo wasiorudisha hata mia. Viza yenyewe ni euro 90 hairudi, angalau bima iokolewe.

Wakimpa viza ya kuingia mara nyingi, kumbuka bima anayoonyesha ni ya safari ya kwanza tu. Zinazofuata anatakiwa akate mwenyewe kila akienda, alishasaini kwenye fomu kwamba analijua hilo. Wengi hawajui wamesaini nini.

Rangi Tatu

Nimeongea na shemeji, amesema nisihangaike na ya Dar, anakata yeye huko, na amepata inayolipa magonjwa ya awali yakizidi ghafla mpaka dari lote la mkataba. Presha na sukari ameziandika. Bei imezidi hata ile ya pili lakini amelipa yeye, kwa hiyo nimenyamaza 😂

Shemeji wa Hannover Linden

😂😂 Mwenye sahihi kwenye hati ndo anajua uchungu. Mwambie atume na masharti yote kwa PDF, sio cheti tu, na mama aje na barua ya kliniki inayosema presha na sukari vimedhibitiwa, yenye tarehe ya karibu na safari. Ikija ile hoja ya "alishakuwa mgonjwa kabla" hiyo barua ndo itaongea.

Binti Kigamboni

Mi nataka kuwapeleka wazazi Kanada kwa kaka, kuna hii wanaita super visa, bima yake ni kama hii?

Mnyalu wa Minnesota

Hapana dada, hiyo ni nyingine kabisa na ni kali. Ni ya wazazi na mababu tu, wanaweza kukaa mpaka miaka 5 kwa kuingia mara moja, lakini bima iwe angalau dola 100,000 za Kanada, ya mwaka mzima kuanzia siku wanayoingia, ilipie matibabu, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Iwe ya kampuni ya Kanada, au ya nje ambayo imeidhinishwa na OSFI, msimamizi wa taasisi za fedha wa kwao, ya mtaani Dar haitapita. Na iwe imelipiwa, kwotesheni hawaipokei, ukilipa kwa awamu onyesha umelipa ya kwanza. Muulize kaka yako akakate huko, na aulize dawa za wazazi zimekaa bila kubadilishwa dozi kwa muda gani, maana kampuni za kule zinaangalia sana kama ugonjwa umetulia kabla ya safari. Daktari akibadilisha dozi wiki mbili kabla ya kuondoka wanaweza kusema haujatulia.

Binti Kigamboni

Duh, mzee ndo amebadilishiwa ya presha juzi.

Mnyalu wa Minnesota

Basi msikate bado. Muulizeni daktari lini itahesabika imetulia, halafu kampuni wanataka siku ngapi, ndo mpange tarehe ya tiketi.